Pikapu ya Mikroni Mia Moja na Kumi

Ezron Simfukwe hakujua kile kimashine kinaitwaje wala kinafanya nini. Alichokielewa ni uso wa muuzaji.

Ilikuwa asubuhi, mjini Tunduma, kwenye banda la chai linalotazamana na yadi ya magari yaliyotumika. Wakati huo kazi ya Ezron ilikuwa kuwasindikiza Wazambia kwenda kwa watu wanaobadilisha kwacha, na kujipatia chochote kinachodondoka njiani. Alikuwa ameshika chapati mkono mmoja na kikombe mkono wa pili, anamtazama mteja mmoja kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akizunguka gari dogo jeupe. Mteja huyo hakupiga teke tairi, hakufungua boneti, hakuuliza limetembea kilomita ngapi. Alitoa mfukoni kitu kifupi mfano wa rimoti ya televisheni, chenye pua ya chuma, akakigusisha kwenye mlango. Kikalia pii. Akasoma namba. Akakigusisha kwenye madigadi, kikalia tena, na safari hii alitikisa kichwa taratibu kama daktari anayetazama picha ya mapafu.

“Hii gari ilishapata ajali,” alisema. “Hapa kuna mikroni mia nane. Hii siyo rangi, bwana. Hii ni ukuta.”

Muuzaji yule Ezron alimjua. Alikuwa mtu wa kubishana mpaka na risiti. Lakini siku hiyo alitazama barabarani kama anayetafuta shahidi, halafu akashusha bei mara mbili bila kuombwa mara ya pili.

Ezron akaweka kikombe chini. Chapati ilibaki mkononi mwake mpaka ikapoa.

Kabla sijaendelea, nijitambulishe. Mimi ninayesimulia haya naitwa Ambilikile Nzunda, mwalimu mstaafu wa Vwawa. Nilifundisha hesabu miaka thelathini na moja. Nalitaja hilo mapema ili msomaji ajue kwamba yaliyonipata mimi hayakutokana na kukosa shule.

Ndani ya wiki mbili Ezron alikuwa na mashine yake, iliyotoka Kariakoo kwa basi ndani ya kiboksi kilichofungwa kwa gazeti. Karatasi ya maelezo ilikuwa kwa Kichina na Kiingereza. Kichina alikiacha. Kwenye Kiingereza aliokota yaliyomtosha: kwamba mashine inapima unene wa rangi iliyoko juu ya chuma, na kwamba kipimo chake kinaitwa mikroni, kitu chembamba kiasi kwamba unywele mmoja wa mtu una kama sabini. Rangi ya kiwandani ni mia moja na kidogo. Gari lililopigwa rangi upya linafika mia mbili, mia tatu. Ukikuta mia nane au elfu, chini ya rangi kuna puti, ule udongo wa mafundi wa kuzibia mabonde, na mwenye gari ana historia ambayo hajakusimulia.

Akanunua ovaroli ya bluu, akaipiga pasi, akachomeka kalamu mbili kifuani. Mke wake, Ruti, alipomwona akitoka nyumbani hivyo alimuuliza amepata kazi wapi.

“Sijapata kazi,” Ezron alisema. “Nimepata taaluma.”

Na kwa mwezi wa kwanza, niseme haki yake, alifanya kazi ya kweli. Mtu akitaka kununua gari anamwita, Ezron anapima, anasema alichokiona, analipwa ya soda. Shida ya ukweli ni kwamba magari mengi ya Tunduma yalikuwa mazima. Anapima, anakuta mia moja na kumi, anamwambia mteja gari liko sawa, mteja anafurahi na kumsahau hapohapo. Hakuna anayemkumbuka daktari aliyemwambia hana ugonjwa.

Siku moja mashine ilimponyoka, pua yake ikapata ufa kwenye plastiki ya pembeni. Ruti akamfungia selotepu, akaizungusha mara tatu na kupitisha vipande juu ya ncha yenyewe. Kesho yake magari yote ya Tunduma yaliamka yakiwa wagonjwa. Lililokuwa na mia moja na kumi sasa lilisoma mia mbili na sitini. Ezron alishangaa mpaka alipokumbuka selotepu. Mashine ilikuwa inahesabu na unene wa selotepu, inadhani ni rangi.

Mtu mwingine angeibandua. Ezron alikaa kitandani, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaenda kununua rola nzima.

Kuanzia hapo alikuwa na biashara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya madalali wa magari, waliomlipa awatishie wauzaji. Ya pili, iliyomjengea jina la Injinia, ilikuwa ya watu wanaotaka kupiga gari rangi upya. Alipatana na gereji moja mjini, siitaji, kwamba atawapelekea wateja. Hoja yake ilikuwa ya kitaalamu, na ubaya wake ni kwamba ni hoja ya kweli: rangi mpya haipigwi juu ya rangi nene, maana itapasuka. Lazima upime kwanza. Ikiwa nene, gari likwanguliwe lote mpaka kwenye chuma, na hapo gharama ni mara tatu. Sasa, kwa mashine ya Ezron, hapakuwa na gari lenye rangi nyembamba katika mkoa mzima wa Songwe.

Mzee Asajile, mkulima wa kahawa wa kijiji cha Ruanda, alikuwa na gari lake la kijani alilolitunza kama ng'ombe wa maziwa. Alikuwa analipeleka Mlowo kwa fundi rangi mmoja mwanamke, Atuganile, aliyemwambia kazi ni ndogo: apige msasa juujuu, kisha rangi. Bahati mbaya mzee alipitia Tunduma kununua mipira ya breki, akaegesha mbele ya Ezron.

“Mzee wangu, unataka kulipiga rangi?” Ezron aliuliza, akiwa ameshagusisha mashine kwenye boneti. Pii. “Aisee.”

“Nini?”

“Nani amekuambia linapigwa hivihivi?”

“Kuna binti pale Mlowo. Fundi mzuri.”

“Mzuri, sikatai.” Ezron akamwonyesha namba. “Lakini soma mwenyewe, baba. Mia mbili na sabini na moja. Gari lako limeshavaa makoti mawili, na yeye anataka kulivalisha la tatu. Likipasuka baada ya masika, utamkuta wapi?”

Mzee Asajile alivaa miwani, akasoma namba, akavua miwani. Gari lile alilinunua likiwa jipya na hakuna aliyewahi kulipaka kitu, na hilo alilijua. Lakini namba ilikuwa pale, imeandikwa kwa taa. Akalipeleka gereji ya mjini. Wakakwangua rangi nzima ya kiwandani, nzuri, wakapiga yao. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mzee Asajile alisimama nje ya kanisa akawaeleza watu kwa sauti ya upole kwamba yule binti wa Mlowo karibu amwibie.

Atuganile alikuwa na miaka kumi na sita ya kupiga rangi. Kazi alirithi kwa baba yake, pamoja na kompresa, turubai na wateja. Kompresa na turubai vilibaki. Wateja walianza kupungua, na waliokuja walikuja na swali moja: una mashine ya kupimia? Mwezi ule alipiga rangi magari mawili na kitanda kimoja cha chuma.

Hakugombana na mtu. Alivaa gauni la kanisani, akapanda basi dogo mpaka Tunduma, akamkuta Ezron kwenye banda la chai.

“Habari za kazi, injinia.”

“Nzuri, dada. Una gari?”

“Sina gari. Mimi fundi rangi wa Mlowo, Atuganile. Wateja wananiuliza mikroni na mimi sina jibu. Nimekuja unifundishe. Nitakulipa.”

Ezron alijiandaa kwa ugomvi na badala yake akapewa heshima. Kati ya yote aliyowahi kulipwa, hakuna kilichowahi kumlevya kama hicho. Alivuta stuli, akamfundisha saa mbili nzima, na Atuganile aliandika kila kitu kwenye daftari.

“Kwa hiyo ukikuta mia moja na kumi?”

“Hiyo ni ya kiwandani. Hiyo unanunua macho umefumba.”

“Na kwenye gari unagusa wapi na wapi?”

“Mlango, mara tano. Boneti, mara tano. Paa nagusa katikati na kwenye kona. Nikiona namba zinafanana, nafunga kesi. Fundi hawezi kupaka kwa mkono akapata namba zinazofanana gari zima.”

“Hawezi?”

“Hawezi, dada.”

Atuganile akaandika. “Na mashine inajuaje kwamba chini kuna chuma kizuri?”

“Inajua kuna chuma. Uzuri wa chuma haiulizi.”

Aliandika na hilo. Kisha akaomba aishike mashine kidogo, aone uzito wake. Kidole gumba chake kikapita juu ya pua, mara moja tu. Mtu aliyebandua selotepu ya karatasi kwenye vioo vya magari kwa miaka kumi na sita hahitaji kuangalia ili ajue amegusa nini. Akairudisha kwa mikono miwili, akashukuru, akalipa, akapanda basi.

Mjomba wake, mzee Andongwisye wa Ndalambo, alikuwa na pikapu iliyosimama chini ya mti miaka miwili. Injini ilikuwa nzima, chasisi nzima, lakini kwa miaka kumi na miwili ilikuwa imebeba mbolea ya dukani, na mbolea ilikuwa imeila. Milangoni ulikuwa unaweza kupitisha mkono. Sakafu ya nyuma kuku walikuwa wanaingilia kwa chini. Atuganile aliivuta mpaka Mlowo kwa trekta. Yeye na fundi bodi wake, Gibson, wakakata kila kilichooza, na badala yake wakaweka bati. Bati la kuezekea nyumba, lile la bapa kabla halijakunjwa migongo, geji thelathini. Gibson alilikunja, akalichomelea kwa pointi ndogondogo, akapiga msasa mpaka viungo vikapotea. Halafu Atuganile akapiga rangi.

Alinieleza mwenyewe baadaye kwamba hajawahi kupiga rangi vile, hata gari la askofu. Praima nyepesi, rangi ya fedha mara mbili, vanishi mara moja, na kila mara alihesabu hatua zake akizunguka ile pikapu ili mkono usikae mahali kuliko pengine. Alitumia siku nne. Ilipokauka ilikuwa inang'aa kama kijiko.

Ezron, kwa upande wake, alikuwa na aibu moja. Injinia wa magari alikuwa anatembea kwa miguu. Watu walimuuliza gari lake liko wapi, naye alisema liko gereji, na alikuwa amelisema hilo kwa miezi minne. Mama mkwe wake wa Ndalambo alishaanza kuuliza ni gereji ya namna gani. Aliposikia kuna pikapu inauzwa Mlowo, ya mzee mmoja wa shamba asiyejua bei za mjini, hakunywa hata chai.

Alimkuta mzee Andongwisye amekaa kwenye kigoda pembeni ya pikapu, kofia magotini, redio ndogo sikioni. Mpwa wake alikuwa amempa agizo moja, aseme kidogo.

“Mzee wangu, hii imepakwa,” Ezron alisema baada ya pii ya tatu. Selotepu ilikuwa mahali pake.

“Imepakwa na nani?”

“Hilo utajua wewe. Mimi naona mia mbili na sitini.”

“Mimi sijui mambo hayo, mwanangu. Mimi nalima.”

“Hapo ndipo wanapowaonea.” Ezron akashusha pumzi kwa ajili ya wakulima wote. “Kwa rangi hii, bei yako haiwezekani.”

“Basi sema wewe.”

Ezron akasema bei ambayo yenyewe iliona haya kutoka mdomoni mwake. Mzee alifikiri, akapunguza sauti ya redio, akasema sawa.

Hapo Ezron akaomba nafasi kidogo ya kupima upande wa pili, akaeleza kwamba ni taratibu za kitaalamu. Alizunguka, akachuchumaa nyuma ya gurudumu, akabandua selotepu kwa ukucha. Maana watu aliwapimia uongo, lakini fedha zake mwenyewe alitaka kuzipimia ukweli. Akagusisha mlango. Mia moja na kumi na mbili. Mara tano, na mara zote tano mia moja na kumi na kitu. Boneti, mia moja na tisa. Paa, mia moja na kumi kamili, katikati na kwenye kona. Pikapu ya kiwandani, haijaguswa, kwa bei ya pikipiki tatu.

Alipowasha injini ikanguruma vizuri, alimtazama mzee Andongwisye na kumhurumia kwa dhati. Huruma ilimzidi akamwongezea nauli ya kurudi Ndalambo.

Siku tatu alizunguka nayo Tunduma. Alipiga honi kwa watu aliowajua na kwa wasiomjua. Siku ya nne aliiegesha mbele ya banda la chai, akashuka, akaegemea mlango, mguu mmoja mbele ya mwingine, akaanza kumweleza dalali mmoja habari za soko la magari Japani. Mlango ukaingia ndani. Haukuingia kwa ajali, uliingia taratibu kwa umbo la makalio ya Ezron, ukatoa mlio wa sufuria.

Dalali alitazama mlango, akamtazama Ezron.

“Sukuma kwa ndani,” alishauri.

Ezron akasukuma kwa ndani. Mlango ukarudi mahali pake, na mlio uleule. Akausukuma tena kwa nje kwa kidole kimoja, ukaingia. Watu walianza kusogea na vikombe vyao. Akaingia ndani ya gari, akainua zulia la sakafuni, na pale chini, mahali ambapo Atuganile hakuona sababu ya kupaka, alikuta maandishi ya bluu ya kiwanda cha mabati yakieleza geji thelathini.

Fundi rangi aliyemjua Mlowo alikuwa mmoja tu, akafika kwake mchana. Atuganile alikuwa anapiga praima bampa, na wateja watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi wanasubiri.

“Dada,” Ezron alisema, “umeniuzia nyumba.”

“Mimi sijakuuzia kitu. Umenunua kwa mjomba.”

“Hili ni bati.”

“Bati ni chuma, injinia. Ulinifundisha mwenyewe.”

“Mmenidanganya. Mmesema ni ya kiwandani.”

“Nani alisema? Mimi?”

“Siyo wewe.”

“Mjomba?”

Ezron akafikiri. Alikuwa mwongo, lakini hakuwa mwongo mvivu, na alitaka kujibu sawasawa. “Mashine,” alisema.

Atuganile akazima kompresa. “Na siku hiyo mashine ilikuwa na selotepu, au haikuwa nayo?”

Wateja watatu wakageuza vichwa. Ezron alitazama kushoto, akatazama kulia. Jibu lolote lilikuwa baya, akachagua lile lililokuwa kweli, labda kwa kukosa mazoezi.

“Haikuwa nayo.”

“Siku hiyo tu?” aliuliza mteja mmoja, ambaye gari lake lilikuwa limekwanguliwa mwezi uliopita.

Ezron aliingia kwenye pikapu, akafunga mlango, ukalia, akaondoka. Polisi hakwenda, maana wangeanza kwa kumuuliza kazi yake. Kufikia jioni Mlowo yote ilijua habari ya selotepu, na kufikia Jumapili mzee Asajile alisimama tena nje ya kanisa. Alimwomba Atuganile msamaha mbele ya watu, kisha akamwomba alitazame tena gari lake, kwa sababu ile rangi ya mjini ilikuwa imeshaanza kupasuka.

Sasa nimefika sehemu ambayo ningependa kuiruka.

Nilikuwa nimepata kiinua mgongo changu. Mke wangu, Frida, alitaka mashine ya kusaga. Mimi nilitaka pikapu ya kubebea kahawa yetu kutoka shambani Ruanda, na kwa siri nilitaka pia kuendesha. Tulijadiliana wiki mbili, nikashinda, ushindi ambao umenigharimu mpaka leo kila ninapoona mashine ya kusaga ya jirani. Ezron akanitafuta, ana pikapu yake ya kuuza. Habari za selotepu nilizisikia kama mtu mwingine yeyote, za bati zilikuwa hazijafika Vwawa, kwa hiyo nilikwenda nimejiandaa.

“Mwalimu, mimi sikupimii,” alisema. Alikuwa amepungua, na ovaroli haikuwa na pasi. “Nimeacha mambo yale. Shika mashine, pima mwenyewe.”

Niliichukua. Kitu cha kwanza nilichofanya, nikiwa mwerevu, ni kuikagua pua. Niliikwangua kwa ukucha. Nikaifuta kwa leso. Hapakuwa na selotepu. Nikapima pikapu yote, pointi arobaini na mbili, nikaziandika kwenye karatasi na kutafuta wastani. Ilikuwa mia moja na kumi nukta nne. Nikamwonyesha Ezron ile nukta nne. Alisema hajawahi kukutana na mteja wa aina yangu, nikashukuru, nikalipa.

Kuigonga kwa kidole sikuigonga. Kuegemea sikuegemea, kwa sababu mwalimu haegemei vitu.

Frida ndiye aliyeigundua, siku ya kwanza, kwa debe moja la kahawa. Aliliegesha kwenye ubavu wa pikapu ili apumue. Ubavu ukalipokea debe ndani.

“Baba Lusungu,” aliniita, bila kupaza sauti. “Gari lako linalia kama jikoni.”

Niliipeleka Mlowo kwa fundi, nikidhani ni bonde dogo. Atuganile alipoiona inaingia alikaa juu ya kopo la rangi, akajifunika uso kwa kanga. Nilidhani analia. Aliponyamaza alinieleza yote, kuanzia gari la mzee Asajile mpaka redio ya mjomba, na ndiyo sababu nayajua. Bonde alilinyoosha kwa kidole gumba na hakunitoza. Alisema pia kwamba yuko tayari kuinunua kwa bei ya chuma chakavu. Nilikataa. Nilimwambia kwamba kilichotengenezwa kwa ufundi mkubwa vile kinastahili heshima, lakini ukweli ni kwamba sikuweza kurudi kwa Frida na bei ile.

Ikasimama uani miezi miwili. Nikaandika INAUZWA kwenye kipande cha boksi. Ezron nilisikia ameacha magari kabisa, sasa yuko Mpemba, karibu na Tunduma, anauza umeme wa jua, na ana kimashine kipya anachopimia jua juu ya mapaa ya watu. Mpaka sasa, nasikia, kila paa lina jua pungufu.

Jumamosi moja akaja mtu kutoka Nakonde, Clement, mrefu, shati lililochomekwa vizuri. Mashine ya kupimia alikuwa nayo ya kwake, ya bei mbaya, yenye kioo cha rangi. Alipima kimya kimya. Nilimwona akitabasamu kwenye boneti.

Nilikuwa nimelala na hoja hii usiku kadhaa, nikaamua sitamfanyia mtu nilivyofanyiwa. “Bwana Clement,” nilisema, “pikapu hii ni bati.”

Alicheka. “Mudala,” alisema, neno lao la mzee, “mashine inasema mia na kumi.”

“Inasema kweli. Ni mia moja na kumi ya rangi, juu ya bati la nyumba.”

“Awe,” alisema, yaani hapana kwa lugha yao, akitikisa kichwa. “Nyinyi wa huku nawajua. Mtu akiona mteja amependa gari, anaanza kulisema vibaya ili asiuze kwa bei ya kwenye boksi.” Akaongeza juu ya bei niliyoandika.

“Sikiliza, ndugu yangu. Milango, mapaja, sakafu ya nyuma, vyote vimeoza na vimewekwa bati. Injini na chasisi tu ndiyo vya asili. Nakuapia.”

Clement alinitazama usoni. Nilivaa uso wangu wa kweli kabisa, ule niliokuwa nautumia kuwaambia wazazi matokeo ya watoto wao. Akaongeza tena.

Nilimwonyesha mlango. Nilikusudia kuusukuma ili asikie mlio wake, lakini Frida alikuwa ametoka jikoni na amesimama karibu yangu.

“Umemwambia?” aliniuliza kwa Kinyiha.

“Nimemwambia.”

“Mara ngapi?”

“Mbili. Na nusu.”

Alimgeukia mgeni. “Karibu chai, shemeji,” alisema.

Nilimwambia mara ya tatu wakati tunaandikishana mbele ya mjumbe, na mjumbe naye akacheka. Clement akaondoka na pikapu yake kuelekea mpakani, jua likiwaka juu ya ile rangi, na nakiri ilikuwa nzuri sana ukiitazama kwa mbali. Frida alipata mashine yake ya kusaga. Mimi sikupata usingizi. Kwa wiki tano, kila simu ilipolia nilitazama kwanza kama namba inaanza na ya Zambia.

Wiki ya sita namba ikaanza na ya Zambia. Niliipokea nikiwa nimesimama, maneno ya kujitetea nimeyapanga.

“Mudala,” Clement alisema, na sauti yake ilikuwa ya furaha. Ile pikapu alikuwa ameshaiuza Kasama, kwa mtu wa duka la dawa, mtu wa mjini asiyebeba kitu. Kwa faida. Watu walikuwa wanamsimamisha njiani kuulizia rangi yake.

“Nimefurahi kusikia,” nilisema.

“Sasa nauliza. Unayo nyingine kama ile?”

Frida alikuwa mlangoni, unga mikononi, ananitazama. Nilimwambia Clement kwamba mimi ni mwalimu mstaafu, si mfanyabiashara wa magari, na kwamba pikapu ile ilikuja kwangu kwa bahati tu. Alisema anaelewa, ila nikisikia popote nimkumbuke.

Nikasema nitauliza Mlowo.